Si Nilishamwambia Yule wa Asubuhi?

Mwongozo kwa wakunga wachache wenye mama wengi, Wilaya ya Ikungi

Niliipokea zamu saa moja na nusu jioni. Kitandani alikuwepo mama wa uzao wa tatu, njia imefunguka sentimita sita, presha nzuri, anaongea vizuri kati ya uchungu mmoja na mwingine. Nikamuuliza, kama tunavyouliza wote, iwapo aliwahi kupata tatizo katika uzazi uliopita. Akatikisa kichwa: hapana. Saa tano usiku mtoto akazaliwa na kulia, kondo likatoka zima, halafu damu ikakataa kukatika. Tulikuwa na oksitosini, tulikuwa na dripu, tukasugua tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukakaza, na mama akapona. Alfajiri, akiwa amejifunika kanga mbili, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hata kwa mtoto wa pili ilikuwa hivyohivyo, mpaka akazimia. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanishangaa.

"Si nilishamwambia yule wa asubuhi?"

Yule wa asubuhi alishakwenda nyumbani kwake. Alimsikia mama vizuri, lakini hakuandika popote, na mimi sikuwa na cha kusoma. Mama naye, akiwa ameshalieleza jambo la kutisha mara moja, hakuona sababu ya kulieleza tena kwa mtu mwingine aliyevaa sare ileile. Kwake yeye tulikuwa mtu mmoja, na alikuwa na haki ya kutuona hivyo.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili yako uliye kwenye zahanati au kituo cha afya ndani ya Ikungi, mkiwa wawili au watatu mnaofanya kila kitu: kliniki ya wajawazito asubuhi, chanjo, wagonjwa wa malaria mchana, leba usiku. Najua ukisikia habari za mama kuhudumiwa na mkunga mmoja tangu mimba hadi arobaini, unajiuliza huyo mkunga atalala saa ngapi. Ni swali la haki.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake ya huduma kwa wajawazito mwaka 2016, yale yaliyopandisha mahudhurio kutoka 4 hadi 8, lilipendekeza pia kwamba mkunga mmoja, au kikundi kidogo cha wakunga, wamfuate mama tangu mimba, wawe naye kwenye uchungu, na wabaki naye baada ya kujifungua. Liliweka sharti: pale ambapo wakunga waliofunzwa wapo na mfumo wao unafanya kazi. Ushahidi wenyewe umetoka mbali na sisi. Mapitio ya Cochrane yaliyohuishwa mwaka 2024 yalikusanya tafiti 17 zenye wanawake zaidi ya 18,000 wa Australia, Kanada, China, Ireland na Uingereza. Waliofuatwa na wakunga wanaowafahamu walijifungua zaidi kwa njia ya kawaida, wakapasuliwa kwa uchache, na wakaridhika zaidi na walivyohudumiwa. Hakuna hata utafiti mmoja kati ya hizo uliofanyika Afrika.

Kuna mambo mawili ya Uingereza ninayoyakumbuka kila ninapopanga kazi. Huko Peckham, kusini mwa London, kikundi cha wakunga kilichoitwa Albany kilifanya kazi kuanzia 1997 hadi 2009, na kila mkunga alichukua mama wapatao 36 kwa mwaka, basi. Jambo la pili ni kwamba serikali yao iliweka malengo ya kueneza utaratibu huo nchi nzima baada ya mwaka 2016, na mwaka 2022 ikayaondoa, kwa sababu wakunga hawakutosha na ripoti ya Donna Ockenden kuhusu hospitali za Shrewsbury na Telford ilionya kwamba kuulazimisha bila watu ni hatari. Kama wao waliokuwa na watu wengi kuliko sisi waliona mzigo haubebeki mzima, nasi tusijidanganye. Tuchukue kiini chake: mama asilazimike kuanza hadithi yake upya mbele ya kila uso mpya, na aingiapo leba awe anamjua walau mtu mmoja kwa jina.

Nchi yetu imefika mahali pa kulidai hilo. Kwa tafiti za kitaifa za afya, mwaka 2015/16 wanawake waliojifungulia kwenye vituo walikuwa asilimia 63. Mwaka 2022 walifika 81. Vifo vya uzazi, kwa hesabu za tafiti hizohizo mbili, vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa miaka mingi tuliwahimiza mama waje, na sasa wamekuja. Wanastahili kupokewa na mtu anayewajua.

Gawaneni majina

Zahanati nyingi hugawana siku. Wewe Jumatatu na Jumatano, mwenzako zilizobaki, na mama akija anakutana na aliyepo. Gawaneni mama wenyewe. Fungua Kitabu cha 6 cha MTUHA, hesabu hudhurio la kwanza la mwaka mzima uliopita, kisha gawanya kwa idadi yenu. Tuseme mama ni 120 na nyinyi ni wawili: kila mmoja ana majina 60 kwa mwaka, kama watano wanaojifungua kila mwezi. Hiyo ni karibu mara mbili ya Peckham, na wewe una malaria na chanjo juu yake. Kwa hiyo usiahidi kuwepo kila mara. Mwahidi mama majina mawili, la kwako na la mwenzako, na uhakikishe kwamba kabla ya wiki ya 36 ameshakaa na mwenzako walau mara mbili, uso kwa uso, wewe ukiwatambulisha. "Huyu ni dada fulani, usiku ukija ukanikosa, huyu anajua habari zako zote." Halafu azijue kweli.

Neno kuhusu lugha. Wengi wetu tumepangiwa Ikungi tukitoka mikoa mingine, na kuna bibi wa Kinyaturu au mama wa Kisukuma kutoka upande wa Wembere ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Kama unahitaji mkalimani, awe yuleyule kila mara, na mama mwenyewe amkubali. Usimwite yeyote aliyeko kwenye benchi, kwa maana anaweza kuwa wifi yake.

Siku ya kwanza

Hudhurio la kwanza ndilo ninaloliombea muda kuliko yote, na kama ungenibana nichague jambo moja tu kwenye mwongozo huu, ningechagua hili. Siku ya kliniki kuna foleni ya kupima uzito, foleni ya kipimo cha damu, foleni ya dawa. Fanya vipimo vyote asubuhi pamoja na wengine, kisha mama mpya mwombe abaki, au arudi saa nane watu wakipungua. Funga mlango. Kaa, usisimame.

Usimuulize kama aliwahi kupata tatizo. Jibu lake ni hapana, kama nilivyojibiwa mimi usiku ule. Tatizo ni neno letu la kitabuni. Yeye alizimia, akaamka, akamnyonyesha mtoto, maisha yakaendelea. Mwambie, "Nisimulie mtoto wako wa kwanza alivyozaliwa." Halafu wa pili, halafu yule aliyefariki ambaye hajamtaja mpaka umeona hesabu ya mimba na ya watoto hazilingani. Muulize nani alikuwepo, uchungu ulianza lini na kwisha lini, damu ilikuwa ya kanga ngapi. Mama wengi hupima damu kwa kanga, na kipimo hicho kina maana kubwa kuliko neno "nyingi". Akisema kovu la upasuaji, lione kwa macho yako na uandike siku hiyohiyo kwamba huyu hajifungulii zahanati. Kimo chini ya sentimita 150, mimba ya tano na kuendelea, umri chini ya miaka 20: kadi ya kliniki yenyewe inakukumbusha, iheshimu.

Kuna jambo ambalo kadi haitakusaidia kulisema kwa upole. Mwaka 2015/16 asilimia 31 ya wanawake wa mkoa wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa; mwaka 2022 walikuwa asilimia 20. Kati ya mama watano unaowapokea, mmoja anaweza kuwa na kovu ambalo hataki lionekane na mgeni saa nane za usiku akiwa kwenye uchungu. Ukilijua mapema, mnazungumza mapema: litakavyoathiri kutanuka kwa njia, utakavyomkinga asichanike vibaya, nani atakuwepo chumbani. Unamwambia pia, bila kumtisha, kwamba binti atakayezaliwa analindwa na sheria tangu 1998. Mazungumzo haya yanahitaji mtu anayeaminika, na imani huja baada ya kuonana mara mbili au tatu. Usiyafanye kwa haraka ili kujaza kisanduku.

Mwisho, muulize mimba ikifika miezi tisa atakuwa wapi. Swali hili linasahaulika sana. Mwenye uzao wa kwanza mara nyingi anakwenda kwa mama yake. Mume anayechimba dhahabu upande wa Mang'onyi anaweza kuhama na familia yake kabla ya mwezi wa saba. Mfugaji anafuata malisho. Ukijua leo, unaandika leo jina la kituo atakachokuwa karibu nacho na unampigia mwenzako wa huko.

Kadi inachakaa, daftari linabaki

Umeiona kadi namba 4 ikirudi mwezi wa nane. Imekunjwa mara nne, imefungwa kwenye pindo la kanga, imepita jasho la kupura alizeti, na pale penye tarehe ya mwisho ya hedhi wino umesambaa kama wingu. Mpe mama mfuko wa nailoni siku ya kwanza, mwonyeshe kadi inavyoingia, na maneno mawili muhimu kuliko yote yaandike juu kabisa kwa kalamu nyekundu ya wino mkavu: ALITOKWA DAMU NYINGI UZAO WA 2. KOVU LA UPASUAJI. Anayepokea saa tisa usiku kwa mwanga wa tochi hasomi kurasa zote, anasoma kilichomrukia machoni.

Kadi pekee haitoshi. Kitabu cha 6 kinapanga mama kwa tarehe aliyokuja, na Kitabu cha 12 kinamwandika akishafika leba. Katikati hakuna kinachokuambia nani anakaribia. Nunua daftari la kawaida la kaunta, lipe kila mwezi wa mwaka kurasa zake, na kila mama mpya mwandike kwenye mwezi anaotarajiwa kujifungua, si mwezi aliokuja kliniki. Jina, kitongoji, namba ya simu na ya nani, mkunga wake, neno moja la tahadhari, na mahali alipokubali kujifungulia. Kila Jumatatu, kabla ya foleni, lifungueni pamoja mwezi huu na unaofuata. Someni majina kwa sauti. Nani amepitisha hudhurio? Nani yuko wiki ya 37 na bado hajasema nani atabaki na watoto? Dakika kumi na tano zinatosha. Daftari likae chini ya kufuli pamoja na rejesta, maana humo mna siri za watu.

Majina mnayoyakosa, mpeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 31, 2024 umekusudia kufundisha wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Huyo ndiye anayejua kwamba mama wa kitongoji cha pili hakuja kwa sababu punda wa maji amekufa, au kwamba ameanza kuvimba uso. Mkunga wa jadi naye usimfukuze. Kazi ya kuzalisha nyumbani imekwisha, lakini bibi yule ana imani ya mama kuliko wewe. Mwombe awe msindikizaji: alete mama, aingie naye, akae kichwani pake, amshike mkono.

Kuhusu simu nitasema kwa ufupi. Iwe ya kituo, ya kubonyeza tu, laini moja ambayo namba yake imeandikwa nyuma ya kila kadi na inabaki pale hata ukihamishwa. Aliye zamu anaishika. Asiye zamu anazima yake na kulala, na mwenzake hamwamshi kwa jambo ambalo daftari lingejibu. Mkunga asiyelala miezi mitatu anaomba uhamisho, na uhamisho wake unavunja majina 60 kwa mkupuo. Ukiwa unahama, tumia wiki zako za mwisho kumpitisha mrithi wako kwa wale walio juu ya wiki ya 28, mmoja mmoja.

Kupokezana kitandani

Makabidhiano ya zamu yasifanyike mezani. Nendeni kitandani, wote wawili, na anayetoka aseme kwa sauti ambayo mama anaisikia: huyu ni nani, uzao wa ngapi, nini kilimpata zamani, patografu inasemaje sasa, amepewa nini na saa ngapi, tunasubiri nini, nani nyumbani amepigiwa. Halafu mgeukie mama: "Kuna kitu nimesahau?" Utashangaa mara ngapi kipo. Pengine usiku ule ningesikia habari za kuzimia, ningeweka dripu mapema, na oksitosini ingekuwa imeshavutwa kwenye sindano kabla kichwa cha mtoto hakijatokeza.

Safari ya rufaa

Hapa ndipo uzi unakatika kirahisi. Mama aliyefuatwa vizuri miezi minane anapakiwa kwenye gari, na kule anakoshuka hakuna anayemjua. Ikungi tuna bahati ya hospitali ya wilaya, tuna hospitali ya Makiungu, na mbele kidogo hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Singida. Walio kusini wengine huona Itigi karibu zaidi. Makiungu napenda kuwakumbusha wakunga vijana ilikotoka: iliasisiwa na masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika ambalo Mary Martin wa Ireland alilianzisha mwaka 1937, mwaka mmoja tu baada ya Roma kuwaruhusu masista kufanya kazi ya kuzalisha. Kabla ya hapo mtawa hakuruhusiwa. Zaidi ya nusu karne mama wa Kinyaturu wamejifungulia mikononi mwa taasisi iliyozaliwa kwa sababu mwanamke mmoja aliomba ruhusa bila kuchoka.

Dharura ikitokea, piga 115. Ni bila malipo, ndiyo namba ya mfumo wa M-mama uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022, na pasipo gari la wagonjwa wanamtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa. Mvua zikikolea na mito ya msimu ikajaa upande wa Mgungira na Mwaru, usingoje dharura: mwenye kovu au aliyewahi kutokwa damu akae karibu na hospitali tangu wiki ya 37 au 38, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria, ile ambayo wenzetu wa Dodoma huiita chigonela.

Gari likiwa njiani, fanya mambo matatu. Piga simu wodi ya wazazi kule anakokwenda, utaje jina la mama, si "kesi ya rufaa". Andika barua ya rufaa inayosomeka, yenye saa. Mwambie mama jina la uliyezungumza naye: "Ukifika muulize sista fulani, nimeshamweleza." Akiwa na jina hilo mdomoni, anashuka kwenye gari kama mtu anayesubiriwa. Kesho yake asubuhi piga tena uulize. Wasipokupa majibu, piga na keshokutwa. Barua ya kuruhusiwa ikirudi na mama, inakiliwe kwenye daftari lile la miezi.

Baada ya kujifungua

Mama akae kituoni saa 24 walau, kwa maana damu na kifafa cha mimba havijali kwamba mtoto ameshazaliwa. Baada ya hapo kuna mahudhurio manne: ndani ya saa 48, siku ya 3 hadi ya 7, siku ya 8 hadi ya 28, na siku ya 29 hadi ya 42. Lile la pili ndilo linalopotea. Mama yuko ndani, amekandwa, anakunywa uji wa uwele, na hakuna anayetaka apande bodaboda. Basi mkunga wake aende, au mhudumu wa jamii aende na ampigie mkunga akiwa palepale. Tazama damu, tazama joto la mwili, tazama titi na mtoto anavyolishika, tazama kitovu, kisha kaa kimya kidogo umwache azungumze.

Kuna mama mmoja ambaye utaratibu wetu wote unamsahau. Karibu kila kinachomrudisha mama kliniki baada ya kujifungua kinapita kwa mtoto: kadi namba 1, chanjo, mizani. Mtoto akizaliwa amefariki, hakuna kadi, hakuna tarehe ya kurudi, na mama anatoka getini na kanga tupu begani. Siku ya tatu maziwa yanajaa. Hakuna aliyemwambia kwamba yatakuja. Matiti yanauma kama jipu, nguo inalowa mbele za watu, naye anadhani mwili wake umerukwa na akili.

Mtu huyu asiende kuonwa na mgeni. Nenda wewe unayemjua, siku hiyohiyo ya tatu au kabla yake. Mwambie maziwa yanakuja na yatakauka yenyewe. Sidiria inayoshika vizuri, kitambaa cha maji baridi, dawa ya maumivu, asikamue ila kidogo akilemewa. Pima presha, angalia damu kama kwa mama mwingine yeyote. Mtaje mtoto kwa jina kama alipewa. Muulize baba naye analalaje.

Halafu rudi kwenye daftari. Jina lake usilipige mstari. Andika mbele yake, kwa kalamu ileile nyekundu, kwamba mtoto alifariki, na uandike hivyo pia juu ya kadi yake, ili wiki ya sita akija kuonwa, au mwaka kesho akija na mimba nyingine, asiwepo mtu wa dirishani atakayemuuliza kwa uso wa furaha mtoto amemwacha na nani.